Ruhusa Ikirudishwa, Nini Kinatengemaa?

Kompyuta ikigoma Salamabila, fundi aliyebobea hayupo mtaa wa pili. Mji huu wa eneo la Kabambare, uliokua kando ya dhahabu ya Namoya kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, haujafikiwa na gridi ya umeme. Anayewachapia watu barua na kuwatolea fotokopi huwasha mashine kwa jenereta au kwa paneli za jua, na kila saa ya kazi ina bei yake katika mafuta au katika chaji ya betri. Mahali kama hapa ushauri hufika kabla ya fundi. Hufika kwa simu, au kwa kijana aliyerudi kutoka Bukavu au Kindu: bonyeza hiki, safisha kile, kingine kirudishe kama kilivyokuwa. Nataka kuuchunguza ushauri mmoja wa aina hiyo, kwa kuwa ulifuatwa na watu wengi duniani kwa zaidi ya miaka 10, na kwa kuwa swali lililomo ndani yake limeigusa Salamabila kwa namna nzito kuliko kompyuta. Ushauri wenyewe ulisema: mashine ikisumbua, rekebisha ruhusa za diski. Swali ni kama kufanya hivyo kunatengeneza chochote.

Tuanze na ruhusa zenyewe. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, ulikusudiwa kompyuta moja itumiwe na watu wengi. Ikabidi ijulikane kila faili ni ya nani. Basi kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, na nje ya hao wapo wengine wote. Na kwa kila upande kati ya hizo tatu, mfumo huandika kama faili inaweza kusomwa, kuandikwa au kuendeshwa. Tatu mara tatu, alama tisa. Ni alama hizo zinazomzuia mwanafunzi asifute kazi ya mwalimu wake, na zinazoizuia programu moja isiharibu kile kinachotegemewa na programu zote. Apple ilipotoa Mac OS X mwaka 2001, iliujenga juu ya msingi huo wa Unix, na watu wengi ambao kompyuta zao za zamani hazikuwa na desturi hiyo wakajikuta wanaishi nayo bila kufundishwa.

Mwanzoni palikuwa na vurugu ya kweli. Mashine ileile bado iliweza kuwashwa kwa Mac OS 9, mfumo wa zamani usiozijali alama hizo, na humo faili zikahamishwa ovyo. Programu za makampuni mengine nazo, zilipokuwa zikisakinishwa, mara nyingine ziliziacha folda za pamoja zikiwa na ruhusa zisizofaa. Faili inayopaswa kusomwa na kila mtu ikibaki inasomwa na mwenyewe tu, programu inayoitegemea hukwama mikononi mwa mtumiaji mwingine, au printa hukataa kuchapa. Kosa hilo lilihitaji chombo chake. Apple ilikitoa mwaka 2002, kwanza kama programu ndogo ya pekee, kisha kama kitufe ndani ya programu ya Disk Utility katika toleo la 10.2 la Mac OS X.

Kitufe hicho hakikuwa na uwezo wa kutafuta chanzo cha tatizo. Kila programu iliyowekwa na kisakinishi cha Apple iliacha risiti ndani ya mashine, na ndani ya risiti mlikuwa na orodha ya faili zilizoingizwa pamoja na ruhusa zake za siku ile. Kitufe kilisoma orodha, kikaitazama faili, na palipotofautiana kikairudisha faili katika hali iliyoandikwa. Kazi yake iliishia hapo. Barua za mtu, picha zake na mipangilio yake ndani ya folda yake havikuguswa, maana havikuwa na risiti. Programu iliyowekwa kwa kuburutwa tu haikuguswa pia. Diski yenye sehemu zilizokufa, memori mbovu, faili ya mipangilio iliyoharibika, feni iliyozibwa na vumbi, vyote vilikuwa nje ya macho yake. Hata lile daftari la diski linaloonyesha kila faili imelazwa wapi lilishughulikiwa na kitufe jirani, na ujirani wa vitufe hivyo viwili uliwafanya wengi waamini kwamba kazi ya kimoja inafanywa na cha pili.

Imani ikakua kuliko kitufe. Watu walishauriana wakibonyeze kabla ya kila sasisho na baada yake, na kila mara mashine inapokuwa nzito. Mwaka 2006 mwandishi wa Marekani John Gruber aliipinga desturi hiyo waziwazi, akaiita uchawi. Waliomkatalia walisema wameona kwa macho yao mashine ikipata nafuu, nami siwadhanii uongo. Mtu alibonyeza, akasubiri, akaiwasha mashine upya, na usumbufu ukaondoka. Kitufe kilimpa hata ushahidi, kikimwandikia mistari mirefu ya tofauti kilizozikuta. Ila nyingi kati ya tofauti hizo hazikuwa na madhara, na Apple yenyewe ilichapisha orodha ya jumbe ambazo mtumiaji anaweza kuzipuuza. Kuwasha upya peke yake huondoa programu zilizokwama na kuiachia memori nafasi. Tena mtu hutafuta msaada usumbufu unapokuwa umefika kileleni, na kilichofika kileleni mara nyingi hushuka chenyewe. Mambo haya yalitukia pamoja, sifa ikaenda kwa lile lenye jina la kutia imani.

Kaskazini mwa Kongo hiihii, katika nchi ya Uele, Wazande walikuwa na utaratibu ambao unanifikirisha sana kuhusu jambo hili. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa upande wa Sudan mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 1937, alieleza jinsi walivyoiuliza benge, sumu yao ya kupigia ramli. Kifaranga kilinyweshwa sumu huku swali likitamkwa: kama jambo hili ni kweli, kife. Jibu hilo moja halikutosha. Kifaranga cha pili kiliulizwa jambo lilelile likiwa limegeuzwa: kama ni kweli, kipone. Majibu mawili yasipopatana, hukumu haikusimama. Sidai kwamba sumu ilijua siri za watu. Na benge ilipoonekana kukosea, palikuwa na maelezo tayari ya kuiokoa: sumu imeharibika, mwiko umevunjwa. Lakini katika kuuliza mara mbili mna heshima kwa ukweli ambayo wengi wetu wenye kompyuta tumeikosa. Jibu lilipewa nafasi ya kushindwa.

Aliyebonyeza kitufe cha ruhusa, kwa kawaida, hakuuliza mara ya pili. Hakujaribu kwanza kuiwasha mashine upya bila kubonyeza, aone kama usumbufu utaondoka vilevile. Hakuitazama faili yenye ruhusa mbovu na kujiuliza kama programu iliyokwama inaitumia hata kidogo. Hakuirudisha ruhusa mbovu kwa makusudi ili aone kama usumbufu utarudi nayo. Bila maswali hayo, kupona kwa mashine hakumfundishi mtu kitu. Kunamwachia mazoea tu, na mazoea hayo atawarithisha wengine kama elimu.

Ukiuliza pande zote mbili, unafika pahali ambapo kurekebisha ruhusa kunatengeneza kweli, na pahali hapo wanapajua vizuri watu wanaoishi na mashine kuukuu. Kompyuta imekufa kwa umeme uliopanda ghafla, lakini diski yake ni nzima. Fundi anaichomoa na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Majina ya folda yanaonekana, ila akizifungua anaambiwa hana ruhusa. Windows humtambua mtumiaji kwa namba ndefu iliyotolewa na mashine ile iliyokufa, na mashine mpya haimjui mwenye namba hiyo hata kama aliyeketi mbele yake ni mtu yuleyule. Hapo kuwasha upya hakusaidii, wala programu ya kufukuza virusi. Msimamizi wa mashine mpya akichukua umiliki wa folda na kuandika ruhusa upya, orodha ya wagonjwa wa zahanati au matokeo ya wanafunzi hufunguka kama yalivyokuwa. Akiiondoa ruhusa, yanafungika tena. Ikiwa diski ilikuwa imefungwa kwa msimbo wa siri, ruhusa haitatosha, unatakiwa ufunguo wake. Na tofauti hiyo nayo inapimika. Huo ni utengenezaji unaojulikana kwa nini unafanya kazi, wapi unaishia, na nini kitatokea ukiutengua.

Kando yake iko njia ya mkato inayofanana nayo kwa matokeo ya siku ya kwanza. Fundi mwenye haraka humpa kila mtu haki zote juu ya kila faili. Ujumbe wa kukataliwa unatoweka na mwenye mashine anafurahi. Baada ya muda, kirusi kilichoingia kwa flash kinakuta milango yote wazi, au mteja wa kibanda anafuta kazi ya mteja mwingine bila kujua. Kuzifuta ruhusa hakuwezi kuitwa kuzirekebisha, japokuwa malalamiko yamenyamaza. Usumbufu unaweza kunyamaza kwa sababu nyingi, na moja kati ya hizo ni kwamba kilichokuwa kikitulinda kimeondolewa.

Mashine nyingi za vibanda vyetu ni za Windows na hazina kitufe kile cha Apple, lakini mazoea ya namna hiyo zinayo. Wapo wanaobofya upande wa kulia wa kipanya na kuchagua Actualiser, au Refresh kwenye mashine za Kiingereza, tena na tena, ili kompyuta iwe nyepesi. Kitendo hicho huzichora upya alama za kwenye skrini na kwisha. Wapo wanaopakua programu za kusafisha rejista ya Windows, ilhali Microsoft imeeleza kwamba haiungi mkono matumizi yake na kwamba zinaweza kuharibu mfumo. Wakati huo kinachoziua mashine kinajulikana: vumbi na joto, umeme usiotulia, virusi vya flash, diski iliyojaa hadi pomoni, diski ngumu iliyochoka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi. Diski inayokaribia kufa hutoa dalili zilezile za uzito na kukwama ambazo watu huzikimbilia kwa kusafisha na kurekebisha, na kila saa inayopita ikisomwa na kuandikwa inaipunguzia nafasi ya kuokoa kilichomo. La kwanza kwake ni kunakili kazi ya watu mahali pengine. Mengine yasubiri.

Mwenye umeme wa saa 24 na duka la vipuri jirani anaweza kumudu mazoea yasiyotengeneza. Yatampotezea jioni moja. Anayewasha jenereta hulipia mazoea hayo kwa mafuta. Anayetunza nakala pekee ya daftari la shule anaweza kuyalipia kwa daftari zima. Ndiyo maana silioni swali hili kuwa mchezo wa wapenzi wa mashine. Kujua ni lipi linatengeneza na lipi linafariji ni mali, na asiye na cha kupoteza ovyo ndiye anayestahili kuambiwa ukweli kwanza. Tabia ya kuwapa watu wa mbali mabaki ya ushauri, kama vile wanavyouziwa mabaki ya mashine, haifai kuendelea.

Nilisema swali hili limeigusa Salamabila kwa namna nzito zaidi. Mwaka uleule wa 2002 ambao Apple ilitoa kitufe chake, ruhusa nyingine ilikuwa inarudishwa, na hiyo ilikuwa ya vilima. Kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini yaliyotoka enzi za ukoloni wa Wabelgiji, ilichimba bati na dhahabu katika Kivu na Maniema hadi ikadhoofika. Mwaka 1996 kampuni ya Banro ya Kanada iliingia na kuchukua umiliki. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikazifuta haki zake kwa amri. Kampuni ilidai haki hizo nje ya nchi, na mwezi Aprili 2002, Joseph Kabila akiwa madarakani, makubaliano yakamrudishia mwenye karatasi dhahabu ya Namoya pamoja na ya Twangiza, Kamituga na Lugushwa. Miezi mitatu baadaye, Julai 2002, nchi ikapata Kanuni mpya ya Madini. Kanuni hiyo inamtambua mchimbaji wa mikono akiwa na kadi yake, ndani ya eneo lililotengwa kwa ajili yake. Na penye kibali cha mgodi mkubwa, eneo kama hilo haliwezi kutengwa.

Kwa mujibu wa daftari, kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, na ni haki kusema kwamba kosa moja la kweli lilirekebishwa: haki iliyofutwa kwa amri ilirudi kwa makubaliano. Lakini daftari huhifadhi kilichosainiwa. Namoya, vilima kama Mwendamboko na Kakula vilikuwa na watu waliojichimbia kwa mikono miaka ambayo kampuni zilikuwa zimelala na vita vinapita. Maisha yao yalikuwa pale, ila hawakuwa na risiti. Mgodi mpya ulimimina dhahabu yake ya kwanza mwishoni mwa 2013, na uzalishaji wa kibiashara ukahesabiwa kuanzia Januari 2016. Madai kuhusu vilima, ajira na fidia hayakuisha. Kundi la Mai-Mai Malaika lilishika bunduki likijitangaza mtetezi wa wenyeji, na walioumia kwa mapigano ni wenyeji haohao na wafanyakazi. Julai 2019 wafanyakazi wanne walitekwa nyara. Septemba mwaka huo kampuni ikasimamisha kazi Namoya kwa kukosa usalama.

Hapa naona kile ambacho kitufe cha diski kilinificha. Kurudisha ruhusa kunachukulia kwamba orodha iliyo sahihi ipo, na kwamba kosa ni kupotoka kutoka kwenye orodha hiyo. Mara nyingi kwenye diski hilo ni kweli, maana waliotengeneza mfumo ndio walioandika orodha, na faili haina la kusema. Kwenye vilima watu walikuwepo kabla ya orodha ya 2002, na wana la kusema. Orodha ikiwa imewasahau tangu ilipoandikwa, kuirudisha kwa uaminifu wote ni kuwasahau mara ya pili, safari hii kwa muhuri. Usumbufu utarudi, na atakayeambiwa kwamba karatasi ziko sawa atakuwa ameambiwa ukweli usiomsaidia.

Mwaka 2015 Apple ilikiondoa kitufe kile katika toleo la 10.11. Haikuishia kukiondoa. Iliweka ulinzi unaozizuia faili za mfumo zisiguswe hata na msimamizi mwenye mamlaka yote, na ruhusa zake zikawa zinakaguliwa wakati wa sasisho bila kuombwa. Watu waliokibonyeza kwa miaka waliendelea na kazi zao bila kitufe. Baadhi wamelichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba kitufe kilikuwa bure siku zote. Mimi siendi mbali hivyo, kwa kuwa siku kilipoondoka ndiyo siku ulinzi mpya ulipoingia, na mambo mawili yakibadilika pamoja hakuna anayeweza kumtaja aliyefanya kazi. Ninachokichukua ni uamuzi wenyewe. Waliacha kuuliza namna ya kurekebisha kila mara, wakauliza ni nani anayeharibu na kwa nini anaweza.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kurekebisha ruhusa kunatengeneza, kwa masharti mawili. La kwanza, tatizo liwe la ruhusa, na hilo lithibitishwe kwa kuuliza pande zote mbili kabla ya kumaliza mafuta ya mtu. La pili, orodha inayorudishwa iwe imewahesabu wote wanaohusika nayo. Fundi wa Salamabila anaweza kulitimiza sharti la kwanza leo, akiacha kutoa ushauri ambao hajaupima na akinakili kazi ya mteja kabla ya kugusa chochote. Sharti la pili liko mikononi mwa wanaotoa vibali vya vilima, Kindu na Kinshasa. Mwekezaji yeyote atakayekuja Namoya ataonyeshwa karatasi zilizo safi. Kabla ya kuzitia saini tena, wachimbaji wa Mwendamboko na Kakula waketishwe mezani, na madai yao yaandikwe ndani ya orodha yenyewe, pahali ambapo yatahesabiwa kila orodha itakaposomwa.